MTOTO HASHIKI MASOMO: TUANZIE WAPI?



Muhula ukifungwa watoto hurudi nyumbani na karatasi ya matokeo, na hapo ndipo maneno huanza. Huyu amefanya vizuri, anapikiwa chapati. Yule karatasi yake imeandikwa "chini ya matarajio", basi anaambiwa hana kichwa, amefuata mjomba wake, heri abaki achunge ng'ombe ama aende kuchuma majani chai. Maneno haya tunayasikia Magwagwa, Ikonge, Ekerenyo, kila mahali. Mtoto naye anayasikia. Akiyasikia miaka miwili mitatu, yeye mwenyewe anaanza kusema "mimi sijui" hata kabla swali halijaisha kuulizwa.

Kazi yangu hunipeleka kwa vikundi vya kina mama, vikundi vya maji, vikundi vya mbuzi wa maziwa. Tunazungumza habari za mikopo na mbolea, lakini mkutano ukikaribia kwisha kuna mzazi atanivuta kando aniulize juu ya mtoto wake ambaye "hashiki". Kila mmoja anadhani ni shida ya nyumba yake peke yake. Ndiyo maana nimeona tulizungumze mbele ya wote. Tunauza ndizi na kuku tununue sare na madaftari. Mtoto akikaa darasani miaka sita na hawezi kusoma aya moja akaielewa, si pesa tu imepotea, ni miaka ya mtu.

Vitabu vilivyowasaidia wachache

Kuna jambo lilitendeka Busia ambalo kila kikundi kingefaa kulijua, hasa kile kinachofikiria kuinunulia shule vitabu. Mwaka 1996 shirika la ICS kutoka Uholanzi lilikuwa likifanya kazi na shule 100 za Busia na Teso. Shule 25 kati ya hizo zilipewa vitabu vya kiada. Siku hizo vitabu vilikuwa haba kweli kweli, watoto wanne watano wakichungulia kimoja. Kila mtu alitarajia alama zitapanda. Watafiti watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wakafuatilia mitihani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo.

Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza kwa mtoto wa kijijini mara nyingi ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Tena viliandikwa kwa mtoto ambaye hajakosa hatua hata moja ya mtaala. Mtoto wa katikati na yule wa nyuma walifungua kitabu wakakuta ukuta. Kitabu hakikuwa kibaya na mtoto hakuwa mjinga. Kitabu kilianza mahali ambapo mtoto hajafika.

Sasa sikilizeni lingine, la huko huko magharibi ya Kenya. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003 madarasa yalifurika. Mwaka 2005 shule kadhaa zilipewa pesa za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika shule 121 walilinganisha njia mbili. Upande mmoja watoto waligawanywa ovyo tu, kama kura. Upande wa pili waligawanywa kufuata kile walichokuwa wakijua tayari, ili mwalimu aanze pale walipo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto waliogawanywa kufuata walipo walikuwa wamewapita wenzao, na wale walioingia wakiwa nyuma nao waliinuka. Mwalimu aliyekuwa na watoto wasiojua herufi alifundisha herufi. Hakukimbizana na kitabu.

Hapo lazima niseme jambo. Mimi sipendi kabisa habari ya kumweka mtoto katika kundi la nyuma na kumwacha humo mpaka amalize shule. Mnajua vile kijiji kilivyo: kesho yake kundi lina jina, na jina hilo linamfuata mtoto mpaka mtoni anapoteka maji. Kugawa watoto kunafaa kama ni kwa muda, kwa jambo fulani, na kama mtoto anatoka humo akishajua. Leo yuko na wanaojifunza kutoa, mwezi ujao yuko na wengine. Mtoto aliye nyuma kwa kusoma anaweza kuwa wa mbele kwa hesabu.

Kwanza tujue amesimama wapi

Mzazi akiniambia "hashiki", huwa namuuliza: hashiki nini? Mara nyingi hana jibu. Karatasi ya matokeo inasema "chini ya matarajio" ama "anakaribia matarajio", lakini haisemi ni hatua gani iliyokosekana. Hilo tunaweza kulitafuta wenyewe.

Tangu mwaka 2009 watu wa Uwezo walikuwa wakizunguka nyumbani kwa watu hapa Kenya wakiwapima watoto wa miaka 6 hadi 16. Wazo lilitoka India, kwa shirika la Pratham. Kwa miaka kadhaa waliona kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Lakini kinachotufaa sisi ni namna walivyopima, maana ni rahisi na hakihitajiki cheti cha ualimu. Ni karatasi moja yenye sehemu nne. Juu kuna herufi, kisha maneno mafupi, kisha aya ya sentensi tatu nne, kisha hadithi fupi na maswali mawili. Mwanakikundi aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuiandika nyuma ya kalenda ya zamani kwa kalamu nene. Andika moja ya Kiswahili, moja ya Kiingereza na moja ya Ekegusii.

Mwite mtoto mmoja mmoja, mahali penye mwanga, mbali na ndugu zake wasije wakamcheka. Anza na aya. Akiiweza, mpe hadithi. Akishindwa na aya, rudi kwa maneno, akishindwa na maneno, rudi kwa herufi. Usimsahihishe, usikunje uso, usiseme "hata hii?" Ukishajua amefika wapi, mshukuru na umwache aende kucheza. Ni dakika kumi tu.

Hesabu nayo pima hivyo hivyo, kwa karatasi na kwa mdomo. Kwa mdomo mwulize, "Nimekutuma dukani na mia moja, umenunua kitu cha shilingi sitini na tano, unaniletea ngapi?" Kisha mwandikie 100 − 65. Mtashangaa. Kuna watoto wanaouza parachichi sokoni Sondu na hawakosei chenji hata shilingi moja, lakini hiyo hiyo kwa karatasi inawashinda. Mtoto wa namna hiyo anajua kuhesabu. Hajaonyeshwa tu namna kile kilicho kichwani mwake kinavyoandikwa, na hiyo ni kazi ya wiki chache.

Sasa soma ulichokiona. Kama anajua herufi lakini hawezi kuziunganisha, mrudishe kwa silabi, ba be bi bo bu, hata kama yuko gredi ya tano. Kama anasoma kwa sauti nzuri halafu hajui alichosoma, shida ni lugha. Kama Kiswahili anaweza na Kiingereza hawezi, tena ni lugha. Na kama kwako nyumbani anafanya vizuri lakini darasani hafanyi kitu, uliza habari za macho, masikio, njaa, ama woga.

Lugha tatu kwa kichwa kimoja

Wazazi wengi wanataka mtoto afundishwe kwa Kiingereza tangu chekechea. Naelewa, maana mitihani mikubwa ni ya Kiingereza, na mtoto wa jirani aliye shule ya kulipia anasema "good morning" akiwa na miaka mitatu. Lakini tangu ripoti ya tume ya Gachathi mwaka 1976 mpango wa serikali ni kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo lile, na mtaala wa umilisi ulioingia nchi nzima mwaka 2019 unasema hivyo pia. Sababu ni ya akili ya kawaida. Kusoma mtu hujifunza mara moja. Mtoto akishajua kwamba alama hizi zinatoa sauti, na sauti zinatoa neno analolijua, ujuzi huo anauhamisha. Lakini ukimfundisha kusoma kwa maneno asiyoyajua umempa kazi mbili kwa wakati mmoja, na ya kwanza haishiki.

Kuna makosa mengine ambayo si makosa ya akili hata kidogo. Ekegusii hakina sauti ya l. Shule tunaiita esukuru, na mtoto wetu anaandika "rakini" na "kurara" kwa sababu ndivyo masikio yake yalivyozoea. Mtoto wa Kijaluo ataandika "samba" akimaanisha shamba. Wa Kikipsigis atachanganya p na b. Katika shule za upande wa Sondu, ambako lugha hizi tatu zinakutana, mwalimu mmoja anaweza kuwa na makosa yote matatu kwa daftari za dawati moja. Mtoto akichapwa ama akichekwa kwa hilo anaacha kuandika. Mwalimu mwema kwanza anaikubali maana ya sentensi, ndipo anamwonyesha herufi. Afadhali hata awaambie watoto wazi, "Lugha yetu haina l, kwa hivyo sisi tutaifanyia mazoezi zaidi." Mtoto anaona kumbe ni kitu cha kufanyiwa kazi, wala si laana.

Na lugha ya mama ina mali ndani yake. Hesabuni kwa Ekegusii. Saba ni isano na ibere, yaani tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Bibi anayehesabu mayai kwa Ekegusii anafundisha kujumlisha bila kujua. Mtoto anayekwama na 7 + 8 mwambie aseme kwa Ekegusii: tano na mbili, na tano na tatu. Tano mbili ni kumi, mbili na tatu ni tano, jibu kumi na tano. Njia hiyo ameikuta nyumbani, haiuzwi dukani.

Macho na masikio

Hii nitasema kwa ufupi lakini msiipuuze. Mtoto anayekaribia sana ubao, anayekunja macho, anayenakili vibaya kitu ambacho akisomewa anakijua, huyo apelekwe kupimwa macho. Mtoto anayesema "nini?" kila mara, anayewasha redio kwa sauti kubwa, ama aliyetokwa na usaha masikioni, huyo apelekwe kupimwa masikio. Jaribio dogo la nyumbani: simama hatua tatu nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya chini. Usipige makofi, maana hayo hata asiyesikia vizuri atayasikia. Mtoto ambaye mara kwa mara anaganda kidogo, macho yamekodoa, halafu anaendelea kama hakuna lililotokea, mwonyesheni daktari, inaweza kuwa namna ya kifafa. Si ndoto za mchana wala si mapepo.

Ugumu ni kwamba mtoto anatambuliwa halafu hapelekwi. Trans Nzoia walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2018, katika shule 50. Walimu walipima macho ya watoto. Katika nusu ya shule, wazazi waliandikiwa barua ya kawaida tu. Katika nusu nyingine walimu walipima kwa simu, wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, na shule ikapewa orodha ya waliopaswa kwenda. Waliokumbushwa walifika hospitali 54 kati ya 100, na wale wa barua 22 tu. Kukumbushana na kusindikizana, hiyo si ndiyo kazi ya kikundi? Mama mmoja peke yake ataahirisha kwa sababu ya nauli. Kina mama ishirini wakichangia shilingi hamsini hamsini ni elfu moja, na mtoto anaenda.

Kwa mtoto ambaye shida yake ni kubwa zaidi, kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, wenyewe huviita EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, sisi huku ni Nyamira Kaskazini, wawaelekeze. Msiogope kwamba mtoto atapelekwa mbali. Kazi ya kituo ni kutathmini na kushauri, na wengi hushauriwa waendelee katika shule ya kawaida wakisaidiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kujifunza pamoja na wengine. Tena sheria ya elimu ya mwaka 2013 inakataza mtoto kurudishwa darasa, na inakataza kumchapa. Hata msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shuleni. Utaratibu huo upo tangu mwaka 1994, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2020.

Darasani: swali moja, ngazi nyingi

Mtu atauliza, je, kuanza pale mtoto alipo si kumpa kazi rahisi tu maisha yake yote? Swali zuri. Ukweli ni kwamba huko pia ni kumnyima. Nimeona mtoto wa gredi ya sita amepewa kupaka rangi wakati wenzake wanafanya hesabu. Wanasema ni huruma. Mimi naona ni kumfungia nje ya mlango.

Chukua mfano wa shamba letu. Bustani ya kikundi ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Sukuma wiki inapandwa nusu mita kwa nusu mita. Tutahitaji miche mingapi? Swali hili ni gumu kidogo, na linafaa liwe la wote. Yule wa mbele ataona haraka kwamba kwa urefu ni miche 12 na kwa upana ni 8, atazidisha apate 96. Mwingine apewe kijiti na mbegu za maharagwe, achore bustani chini kwenye udongo na kupanga. Mwingine, ambaye Kiingereza ndicho kinachomzuia, asimuliwe swali kwa Ekegusii kwanza, ndipo alisome. Hao wote wanafika 96. Halafu yule aliyemaliza mapema asikae akingojea sifa, aeleze wenzake alifikaje. Akishindwa kueleza, naye amejua kwamba hajalielewa sawasawa.

Na siku moja atatokea mtoto, pengine yule yule mnayesema hashiki, aulize, "Mwalimu, na kama tunapanda mpaka ukingoni?" Hapo mistari inakuwa 13 na 9, na miche ni 117. Mtoto aliyeshika jembe ndiye anayeuliza hivyo.

Mwalimu mmoja mwenye watoto 60 na kipindi cha dakika 35 ana sekunde 35 kwa kila mtoto, kama hatafundisha kitu kingine chochote. Kwa hivyo mkienda shuleni msiende kulaumu. Nendeni watatu wanne, mwombe mwalimu mkuu nafasi, mseme mmekuja kusaidiana. Mwulizeni mambo machache: je, kuna watoto ambao hatua fulani iliwapita, na ni hatua gani? Je, mtoto anaruhusiwa kumweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani kabla ya kujibu kwa Kiingereza? Je, mtoto wetu huyu anaweza kukaa mbele karibu na ubao? Kumhamisha mtoto dawati hakuhitaji hata shilingi moja.

Kona ya kusoma ya kikundi

Wengine watasema, mwalimu analipwa, kwa nini kazi iwe yetu? Wazee wetu walikuwa na egesangio, majirani wanapalilia shamba la huyu leo na la yule kesho. Hakuna aliyesema "hilo si shamba langu". Basi tufanye egesangio ya kusoma.

Kikundi kinahitaji mahali pa kukaa, hata kama ni chini ya mti ama kwenye nyumba ya mkutano. Kinahitaji maboksi ya zamani ya kukata kadi za silabi, vifuniko vya soda vya kuhesabia, chaki, na hadithi chache. Hadithi msiende kuzitafuta mbali. Mwite mzee ama nyanya asimulie emegano, kijana aliyesoma aziandike kwa sentensi fupi, na hapo mna kitabu. Watoto watakisoma kwa hamu kwa sababu wanajua sungura atafanya nini.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, dakika arobaini na tano hivi, baada ya shule. Watoto wagawanywe kwa hatua waliyofika, si kwa gredi. Kwa hivyo mkubwa na mdogo wanaweza kukaa pamoja, lakini mkubwa apewe heshima yake: yeye awe mshika kadi, ama amsaidie mdogo. Kila mmoja asome kwa sauti, kila mmoja aongee. Mwisho wa mwezi pimeni tena kwa ile karatasi ya kalenda, na mwandike katika daftari: jina, hatua ya mwezi uliopita, hatua ya sasa. Daftari hilo ndilo mtakalomwonyesha mwalimu.

Mambo matatu nayasisitiza. Wawepo watu wazima wawili kila mara, mlango ukiwa wazi, na watoto wawe nyumbani kabla ya giza. Pili, msitoze pesa. Hii si tuisheni. Sheria hairuhusu watoto kulazimishwa tuisheni wakati wa likizo, na mkianza kutoza, yule mnayemtafuta ndiye atakayebaki nyumbani. Tatu, mpeni mtoto uji kama mnaweza. Na hakikisheni watoto wanakunywa dawa za minyoo zinapoletwa shuleni. Huko Busia, katika mpango wa shule 75 ulioanza kutoa dawa hizo mwaka 1998, utoro ulipungua kwa karibu robo. Mtoto asiyekuwepo hawezi kufundishwa na yeyote.

Msitegemee miujiza ya wiki mbili. Katika vikundi nilivyotembelea, kitu cha kwanza kubadilika si alama. Mtoto anaanza kuuliza maswali. Anaanza kusoma maandishi ya mfuko wa mbolea, ya gari barabarani, ya kanga ya mama. Alama huja nyuma, kwa wengine pole pole sana, na kuna mtoto ambaye atahitaji msaada miaka yote. Huyo naye ni wetu.

Ya kuzungumza katika kikundi

Katika nyumba za wanakikundi wetu kuna watoto wangapi wa gredi ya tatu kwenda juu ambao hawajasoma aya moja mbele yetu? Nani atawapima, na siku gani?

Ni maneno gani tunayowaambia watoto wanaochelewa? Je, tungependa tuambiwe hivyo siku mkopo unapotushinda kulipa?

Ni mtoto gani kijijini ambaye haendi shule kabisa, na ni nani kati yetu anayeweza kuongea na mzazi wake bila kumwaibisha?

Kati yetu nani alimaliza kidato cha nne na ana jioni mbili kwa wiki?